Nani Mwenye Dhamana ya Chakula cha Jiji?

Katika orodha ya mambo ambayo halmashauri ya mji huyahesabu kuwa majukumu yake, yaani barabara za mitaa, taka, shule, zahanati, masoko na vibali vya ujenzi, ni nadra kukikuta chakula kikiwa kimeandikwa kama jukumu linalojitegemea, ingawa hakuna hata moja kati ya hayo lisiloamua, kwa namna fulani, wakazi watakula nini, kwa bei gani na kilichopita mikononi mwa nani. Mazoea yamekuwa kukihesabu chakula kuwa suala la vijiji na la wizara ya kilimo, kana kwamba kazi ya serikali kuhusu mlo humalizika shambani. Sera ya chakula ya mji, kama dhana inavyotumika katika uchambuzi huu, ni maamuzi ya makusudi yaliyoandikwa, yaliyotengewa fedha na yenye mtu wa kuulizwa, yanayoongoza namna chakula kinavyozalishwa, kinavyosafirishwa, kinavyouzwa, kinavyopikwa na mabaki yake yanavyotupwa ndani ya eneo ambalo mamlaka ya mji ina nguvu juu yake. Sehemu ya mwisho ya maelezo hayo ndiyo yenye uzito, kwa kuwa sera nyingi za aina hii hushindwa pale zinapoahidi mambo ambayo mji hauna mamlaka nayo, huku zikiyaacha yale ambayo diwani na afisa biashara wanaweza kuyabadilisha ndani ya mwaka mmoja wa fedha.

Suala hili lilipata sura ya kimataifa tarehe 15 Oktoba 2015, pale miji zaidi ya 100 ilipotia saini Mkataba wa Milano wa Sera za Chakula Mijini, wenye hatua 37 zinazopendekezwa, zilizogawanywa katika mafungu sita: utawala, ulaji bora, usawa wa kijamii na kiuchumi, uzalishaji, usambazaji, na upunguzaji wa chakula kinachopotea. Mkataba huo ni wa hiari, hauna adhabu kwa anayeupuuza wala mfuko wa kumsaidia anayeutekeleza, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuudharau. Hata hivyo, faida yake ni kwamba uliweka wazi jambo moja ambalo wataalamu wa mipango miji walikuwa wamelisahau kwa muda mrefu: chakula ni mfumo, yaani mtandao wa shughuli zinazotegemeana kiasi kwamba kugusa moja ni kugusa zote, na mji ambao haujautazama mfumo huo kwa ujumla wake huuharibu bila kujua.

Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kulipima jambo hilo, kwa kuwa historia yake inaonyesha dola ikilibeba jukumu la kulisha jiji, ikalitua, na hakuna aliyeliokota. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iligawa chakula cha jiji kwa mgawo uliofuata rangi za watu, kila jamii ikipangiwa aina ya nafaka iliyodhaniwa kuwa ndiyo yake. Baada ya uhuru, na hasa tangu Shirika la Usagishaji la Taifa lilipoanza kushika biashara ya nafaka mwishoni mwa miaka ya 1960, bei ya sembe iliamuliwa na serikali kuu na sehemu ya gharama ikabebwa na ruzuku, hadi ruzuku hiyo ilipofutwa mwaka 1984 na biashara ya nafaka ikafunguliwa hatua kwa hatua kwa watu binafsi. Mfumo ule ulikuwa na kasoro nyingi, na waliopanga foleni mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji kukumbushwa, lakini angalau ulikuwa na mwenyewe. Kuondoka kwake hakukufuatwa na chombo chochote cha jiji chenye dhamana ya kujua akiba iliyopo, bei zinavyokwenda au mitaa ipi inakosa nini, na hayo yakitokea katika jiji lililokuwa na watu 272,821 kwa sensa ya 1967 na ambalo mkoa wake, kwa sensa ya 2022, ulikuwa na watu 5,383,728.

Jiji halikufa njaa, na sababu yake inastahili kutazamwa kwa makini kabla ya kupendekeza lolote. Pengo lililoachwa na shirika la umma lilijazwa na watu wengi wenye mitaji midogo: wakusanyaji wa mahindi wanaofika soko la Kibaigwa mkoani Dodoma, wenye mashine za kukoboa mpunga wa Kyela na Usangu, madereva wa malori ya mboga kutoka Lushoto na Iringa, madalali wa Mabibo, Ilala na Stereo huko Temeke, waendesha bajaji na mikokoteni, wenye maduka ya mtaani, wenye magenge, na mama lishe. Wengi wao huendesha shughuli kwa mali kauli, yaani mzigo hutolewa leo kwa kuaminiana na fedha hulipwa baada ya kuuzwa, jambo linalomwezesha mtu asiye na akiba benki kuanza biashara asubuhi na kuwa na unga wa kupika jioni. Mtafiti Marc Wegerif, aliyewasilisha tasnifu yake kuhusu ulishaji wa Dar es Salaam katika Chuo Kikuu cha Wageningen mwaka 2017, aliueleza mpango huu kuwa ni mfumo wa kutegemeana, ambamo wadogo hukua kwa kuongezeka idadi badala ya mmoja kuwameza wengine. Ushahidi wa uimara wake ni kwamba minyororo ya maduka makubwa kama Shoprite, Uchumi na Nakumatt iliingia nchini kwa matumaini makubwa na kuondoka kati ya mwaka 2014 na 2018, na katika kipindi hicho chote genge la mtaani liliendelea kuuza nyanya kwa fungu na mafuta ya kupikia kwa kipimo ambacho mtu wa kipato cha siku anakimudu.

Kuusifu mfumo huu hakumaanishi kuuacha ulivyo. Nyanya husafirishwa zikiwa zimeshindiliwa katika matenga, ambayo ni makapu makubwa ya kusukwa, na za chini huwasili zikiwa zimepondeka. Mazao ya mkulima hununuliwa kwa lumbesa, gunia lililofungwa kwa kuongezewa kilemba juu ya ujazo wake halali, ingawa sheria ya vipimo inakataza. Mizigo hushushwa juu ya ardhi tupu. Na katika masoko mengi mvua ikinyesha wauzaji na wanunuzi hukanyaga tope moja na mboga. Hatari nyingine haionekani kwa macho. Sumukuvu, sumu inayozalishwa na kuvu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mahindi ya kanda hiyo ndiyo yanayosagwa kwa wingi katika mashine za jiji. Hakuna halmashauri inayoweza kumfuata kila mkulima nyumbani kwake, lakini mahindi ya watu milioni tano hupita katika milango michache, na mlango wa soko la jumla ndio mahali ambapo kipimo kimoja kinaweza kulinda kaya nyingi. Soko, kwa maana hiyo, ni chombo cha afya ya umma kabla ya kuwa chanzo cha ushuru, na bajeti za halmashauri zingesomeka tofauti kabisa kama zingeandikwa kwa mpangilio huo: choo, maji, sakafu, kivuli, barafu na maabara kwanza, kisha makadirio ya makusanyo.

Ni hapa ndipo panapoonekana udhaifu mkubwa wa fikra za kupanga miji katika Afrika Mashariki, kwani wafanyabiashara wadogo wa chakula wametazamwa zaidi kama tatizo la usafi na foleni kuliko kama miundombinu ya lishe. Mwezi Desemba 2018 serikali ya Tanzania ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, hatua iliyowapa watu wengi uhalali wa kuuza karibu popote. Mwaka 2021 wamachinga, pamoja na mama lishe wengi, waliondolewa pembezoni mwa barabara na kupelekwa katika maeneo yaliyotengwa. Hatua zote mbili zilikuwa na hoja zake. Barabara inahitaji kupitika, na mfanyabiashara anahitaji kutofukuzwa na mgambo, lakini katika mijadala iliyozizunguka swali la mlaji halikupewa nafasi: fundi ujenzi aliyekuwa akila ubwabwa na maharage hatua chache kutoka kazini sasa anakula nini, na analipa nauli kiasi gani kukifuata chakula alichozoea? Umbali kati ya mlo na mlaji ni sehemu ya bei, na mpango wa ardhi usiotenga nafasi ya genge na ya mama lishe katika kila mtaa, kama unavyotenga nafasi ya njia, huwapandishia maskini bei ya chakula bila tangazo.

Jiji la Belo Horizonte nchini Brazili linafaa kutajwa katika muktadha huo. Mwaka 1993, chini ya Meya Patrus Ananias, jiji hilo lilianzisha idara kamili ya chakula na ugavi, likaanzisha migahawa ya umma yenye bei ndogo, na likabuni utaratibu ambao mfanyabiashara hupewa eneo zuri la jiji kwa sharti kwamba bidhaa kadhaa za msingi ataziuza kwa bei iliyopangwa na jiji, na kwamba atapeleka bidhaa zake pia katika vitongoji maskini vya pembezoni. Programu zote hizo zilitumia chini ya 2% ya bajeti ya jiji. Kinachovutia hapa ni mbinu zaidi ya ukarimu, kwani jiji lisilokuwa na fedha za kutoa ruzuku ya chakula kwa kila mtu lilitumia kitu ambacho kila jiji linacho, yaani haki ya kuamua nani auze wapi, na kukigeuza kuwa nguvu ya kujadiliana bei. Dar es Salaam ina vituo vya mabasi yaendayo haraka, ina vibanda vipya vya wamachinga na ina maeneo ya wazi yenye thamani kubwa. Upangishaji wake hufuata kodi tu, na hakuna sababu ya kisheria inayozuia sharti la chakula kuwekwa katika mkataba wa pango.

Mamlaka ya kufanya hivyo yako wapi ni swali gumu zaidi. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyokuwa ikisimamia mambo yanayovuka mipaka ya manispaa, ilivunjwa Februari 2021, na hadhi ya jiji ikahamishiwa iliyokuwa Manispaa ya Ilala, hivyo kwamba eneo ambalo mlaji analiona kama jiji moja linatawaliwa na halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam lenyewe, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Lori la viazi halitambui mipaka hiyo. Linaweza kuingia kupitia Ubungo, likashusha Ilala na mzigo ukaliwa Temeke na Kigamboni, na kila halmashauri ikaona kipande tu cha safari. Juu ya halmashauri hizo zipo wizara za kilimo, mifugo na uvuvi, afya, viwanda na biashara pamoja na ofisi inayoshughulikia serikali za mitaa, na kila moja ina sehemu ya jibu.

Nairobi imejengwa juu ya msingi tofauti. Katiba ya Kenya ya 2010 inatamka katika ibara ya 43 haki ya kila mtu kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika, na Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti kilimo na masoko, kwa hiyo gavana hawezi kujitetea kwamba chakula ni kazi ya wizara. Kaunti hiyo ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, shughuli ambayo kwa miongo mingi sheria ndogo za jiji ziliitazama kama kosa. Sheria yenyewe imetekelezwa kwa kusuasua, na si kutia chumvi kusema kwamba wakulima wengi wa kando ya mto Nairobi hawajaona tofauti. Mpango uliobadilisha maisha ya watu wengi zaidi ulitokea kwingine, katika shule.

Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi, ikishirikiana na shirika la Food4Education, ilianza mpango wa Dishi na County, ambapo chakula hupikwa katika majiko makubwa ya pamoja na kupelekwa katika shule za umma, mzazi akichangia shilingi 5 za Kenya kwa mlo na gharama iliyobaki ikibebwa na kaunti na washirika wake. Umuhimu wa mpango wa aina hii unapita shibe ya watoto, kwa sababu serikali inapogeuka kuwa mnunuzi wa maharage, mchele na mboga kila siku ya masomo, inapata uwezo wa kuamua inunue kwa nani. Brazili iliutambua uwezo huo katika sheria ya mwaka 2009 iliyoagiza kwamba angalau 30% ya fedha za serikali kuu za mlo wa shule zitumike kununua mazao ya wakulima wa kaya. Nchini Tanzania mlo wa shule za kutwa hutegemea kwa kiasi kikubwa michango ya wazazi inayoamuliwa shule kwa shule, kwa hiyo ununuzi hutawanyika katika mafungu madogo mno kuweza kumvutia mkulima wa Mkuranga au Kibaha kupanda kwa mkataba. Ununuzi wa pamoja kwa shule za kata moja tu ungeweza kubadilisha hesabu hiyo, na hakuna sera nyingine ya chakula inayoweza kuunganisha lishe, kilimo na bajeti kwa urahisi kama hiyo.

Kilimo cha ndani ya jiji ndicho kinachopendwa zaidi na wafadhili na wapiga picha, na kwa sababu hiyo kinahitaji kuwekwa mahali pake. Tafiti za miaka ya 1990 zilikadiria kuwa takriban 90% ya mboga za majani zilizouzwa Dar es Salaam zililimwa katika bustani na maeneo ya wazi ya jiji lenyewe, jambo linaloeleweka kwa kuwa mchicha na matembele hunyauka ndani ya siku moja na havisubiri lori la kutoka mbali. Lakini jiji haliwezi kulima sembe, mchele wala maharage yake, na anayedhani kwamba magunia ya sukumawiki barazani yatawalisha watu milioni tano anachanganya virutubisho na nguvu ya kushinda kazini. Kanuni za mwaka 1992 zilizoruhusu kilimo mijini Tanzania ziliweka ukomo wa ekari 3 kwa mkulima na ng'ombe 4 wanaofugwa zizini bila kuzurura. Kampala nayo ilitunga sheria ndogo zake katikati ya miaka ya 2000, zikigusa kilimo, mifugo, maziwa, nyama na samaki. Kasoro inayojirudia ni kwamba kanuni hutoa ruhusa bila kutoa ardhi. Mkulima wa bonde la Msimbazi hulima katika ardhi asiyoimiliki, humwagilia kwa maji ambayo tafiti zimeonyesha yamechafuliwa na taka za viwanda na makazi, na sasa bonde hilo linapangwa upya katika mradi mkubwa wa kudhibiti mafuriko ulioidhinishiwa mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022. Kumwondoa kwa sababu ya maji machafu ni halali. Kumwondoa bila kumpa eneo lenye kisima safi ni kuhamisha mchicha kutoka mtoni kwenda kwenye bei ya juu. Rosario, jiji la Argentina lililoanza programu yake ya kilimo cha mjini mwaka 2002 baada ya uchumi wa nchi kuporomoka, lilichagua kuwapa wakulima haki ya kutumia ardhi ya umma isiyofaa kujengwa, pamoja na mafunzo na masoko ya kuuzia.

Neno endelevu katika mjadala huu hutumika kwa wepesi, na mara nyingi humaanisha tu mazingira. Chakula cha jiji ni endelevu iwapo kinaweza kuendelea kupatikana bila kuidhoofisha ardhi na watu wanaokizalisha, na kwa kipimo hicho kuna takwimu moja inayotia simanzi: utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulionyesha udumavu wa watoto chini ya miaka mitano Tanzania kuwa 30%, huku viwango vya juu kabisa vikiwa Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ileile inayojaza maghala na masoko ya wengine, na Iringa ikizidi 50%. Jiji haliwezi kutatua peke yake umaskini wa mlo wa Iringa, lakini linaweza kuacha kuuzidisha, kwa kuondoa lumbesa kwenye malango ya masoko yake na kutangaza bei za jumla kila siku ili mkulima asiingie kwenye mapatano akiwa kipofu. Upande wa pili upo mkaa, ambao bado ndio moto wa majiko mengi ya jiji na ambao huchomwa katika misitu ya Pwani, Morogoro na Tanga. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga 80% ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na mama lishe, anayepikia watu wengi kwa jiko moja, angefaa kuwa wa kwanza kufikiwa.

Kuhusu mabaki hakuna mengi ya kubishania. Milano ilipata tuzo ya Earthshot mwaka 2021 kwa vituo vyake vya mitaa vinavyokusanya chakula kilichobaki madukani na migahawani kikiwa bado salama, na kukigawa kwa wahitaji. Katika Dar es Salaam chakula kinachobaki mezani ni kidogo na kinachooza sokoni ni kingi, kwa hiyo dawa yake ni mboji zaidi kuliko ugawaji, na kituo cha Mabwepande katika Manispaa ya Kinondoni, kinachogeuza taka za masoko kuwa mbolea, kimeonyesha kuwa kazi hiyo inawezekana.

Vipande vingi vya sera ya chakula ya Dar es Salaam tayari vipo. Halmashauri zinao maafisa lishe, zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya shughuli za lishe, zinamiliki masoko, zinatoa leseni na zinapanga ardhi. Kinachokosekana ni meza moja ya halmashauri zote tano, yenye wawakilishi wa wenye magenge, mama lishe, madalali na wakulima wa mabondeni wakiwa wajumbe kamili, na yenye fungu lake katika bajeti, kwa sababu kamati isiyo na fungu hubaki kuwa semina. Mwaka wa fedha wa serikali za mitaa huanza tarehe 1 Julai, na rasimu za bajeti hujadiliwa na mabaraza ya madiwani miezi kadhaa kabla yake. Diwani anayetaka kuanza anaweza kuomba kwanza taarifa moja tu, inayoonyesha ni sehemu gani ya ushuru uliokusanywa katika kila soko la kata yake iliyorudi katika soko hilohilo.